Usiku Shwari

Ombasa aligawa fomu, karatasi moja kwa kila mchezaji,
akasema mhusika asiye na asili hatamruhusu mezani.
Halkano akajifanya mchawi mwenye fisi anayejua hesabu.
Mwende ni mwizi wa vivuli; huviuza Gikomba kwa mafungu.
Nami nikaandika: mlinzi.
Wakacheka. Wa nini, wa joka? Wa taji?
Wa lango, nikasema. Lango la bati, Barabara ya Lunga Lunga.
Nikamchora kwenye kona: kabuti, rungu, taa juu ya kichwa.

Asili.
Huyu hakuzaliwa; alikabidhiwa zamu.
Aliyemtangulia alivua kabuti likiwa bado na joto,
akamwachia firimbi,
tochi inayomulika kilichokuwapo jana,
na kitabu cha matukio chenye jalada jeusi.
Nyuma ya lango hakuna godauni. Kuna giza
lililokuwa hapa mji ukiwa bado kinamasi,
na halijasahau.
Kila usiku husogea, hunusa kufuli.

Nguvu.
Akiandika kitabuni "Usiku shwari", usiku hutii.
Mto Ngong hushusha mguu uliokwisha kuuinua kuvuka ukuta,
waya uliokatika hulala kama paka,
na msichana atokaye zamu kiwanda cha sabuni hufika Mukuru
bila kujua nani alikuwa akihesabu hatua zake.

Gharama. (Ombasa hushikilia: nguvu ya bure ni uongo.)
Kila akiandika, mchana mmoja hufutwa maishani mwake.
Ndiyo maana hajui rangi ya sare ya binti yake.
Humjua kwa kikohozi, kwa upenyo wa mlango,
kwa kiatu alichokivua kando ya chake.

Udhaifu.
Hapo nilikwama. Nikaandika "moto",
maana nani haogopi moto,
na stima ikapotea, tukacheza kwa mshumaa hadi ukaisha.

Saa kumi na mbili na robo baba aliingia,
umande mabegani, harufu ya makaa na mpira ulioungua.
Akaruka miguu ya wageni chini ya blanketi,
akaokota dadu sakafuni, akaokota fomu yangu.
Aliisoma amesimama, midomo ikitembea,
kama asomavyo namba za malori.

"Huyu mbona umemweka chini ya taa?
Soja hakai kwenye mwanga, Nafuna. Mwanga unauweka mbele,
wewe unakaa kando, umwone mtu kabla hajakuona."
Nikafuta taa.
"Na analipwa?"
Sijafika hapo, baba.
"Andika mshahara wa Machi haujaingia. La sivyo hawatamwamini."

Kisha akafika kwenye gharama,
akakaa hapo muda wa birika kuchemka.
Aliuliza tu, ameinama, akifungua kamba za buti:
"Ni ya kijani, siyo? Sare."
Ilikuwa ya maruni. Nimemaliza shule mwaka wa pili huu.
Ya kijani, nikasema.

Nilipoamka adhuhuri yeye alikuwa amelala, soksi mguuni.
Fomu ilikuwa chini ya kikombe.
"Moto" limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka,
na pembeni, kwa mwandiko wa kitabu cha matukio:
SAA TISA USIKU. MVUA IKIACHA GHAFLA.
Kisha tarehe. Kisha sahihi.

Jumamosi iliyofuata Ombasa aliisoma hadi mwisho, asicheke.
"Ni saa tisa," akasema. "Mvua imeacha. Rusha."
Dadu ya nyuso ishirini ilizunguka, ikagonga sufuria ya karanga,
ikalala kwenye tatu.
Mwende akashika kichwa.
Kufuli limelegea, kasema Ombasa, na kitu kinapumua kwenye tundu la ufunguo.
Kitabu kiko wazi. Kalamu iko mkononi mwangu,
nami nahesabu michana iliyombakia.